Jogoo mpole ni hazina ya boma: Jinsi ya kumchagua na kumtunza

Na MWANDISHI WETU

KATIKA maboma mengi humu nchini, jogoo huchaguliwa kwa macho tu. Mfugaji hutazama ukubwa wa mwili, wekundu wa undu na rangi ya manyoya, akalipa, akamtia jogoo kwapani na kurejea nyumbani. Miezi michache baadaye, mtoto wa miaka minne hathubutu kwenda msalani bila kusindikizwa, nyanya haendi bandani bila mkongojo, na anayetumwa kuokota mayai huibeba ndoo kifuani mithili ya ngao. Hapo ndipo mwenye boma hutambua kwamba kuna swali moja hakuliuliza siku ya kununua: Je, jogoo huyu ana tabia gani?

Swali hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya ina kuku wa kienyeji zaidi ya milioni 30. Wengi wao hutembea huru uani, pale pale watoto wanapochezea na wazee wanapoota jua. Aidha, kazi ya kuwalisha na kuwafungia kuku hao jioni aghalabu huachiwa kina mama na watoto. Kwa hivyo jogoo mkali huwa hamsumbui mwanamume aliyemnunua, bali huwasumbua wale wasio na nguvu za kumkabili.

Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua jogoo mwenye tabia njema, umri unaofaa kumchagua, mambo ya kuchunguza sokoni na nyumbani kwa muuzaji, na hatua za kuchukua iwapo uliyemchagua atageuka kuwa mkorofi.

Je, unahitaji jogoo?

Kabla ya kumtafuta jogoo, jiulize iwapo unamhitaji. Wapo wafugaji wanaodhani kwamba kuku jike hawezi kutaga pasipo jogoo. Hilo si kweli. Kuku jike hutaga apendavyo maumbile yake, almuradi amekomaa, anakula vizuri na ana afya. Kazi ya jogoo ni kuyatia mayai mbegu ili yaweze kuanguliwa baada ya siku 21. Ikiwa haja yako ni mayai ya kula na kuuza pekee, kundi la majike peke yao litakutosheleza.

Wanaoishi mijini wana jambo jingine la kuzingatia, nalo ni kuwika. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha kuwa jogoo ana saa ya ndani ya mwili inayomfanya awike kabla ya mapambazuko, hata akiwekwa mahali ambapo mwanga haubadiliki. Maana yake ni kwamba hakuna jogoo wa kufunzwa anyamaze alfajiri. Mwenye ploti iliyobanana na za majirani anapaswa kushauriana nao mapema, na kuuliza katika ofisi ya kilimo na mifugo ya kaunti yake kuhusu kanuni za ufugaji mjini. Kaunti ya Nairobi, kwa mfano, ilipitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015.

Hata hivyo, kwa mfugaji anayetaka vifaranga wake mwenyewe, na ambaye kuku wake hujitafutia chakula uani, jogoo hana mbadala. Mbali na kupanda majike, yeye ndiye mlinzi, mwamuzi wa ugomvi na kiongozi wa kundi.

Nusu ya kundi lako

Wafugaji wa tangu jadi husema kwamba jogoo ni nusu ya kundi. Kauli hiyo ina hesabu ndani yake. Jogoo mmoja wa kienyeji hutosha majike 8 hadi 12. Tuchukue kwamba una majike 10, na kila mmoja akaangua vifaranga 10 katika msimu mmoja. Kila jike atakuwa mama wa vifaranga 10, ilhali jogoo atakuwa baba wa wote 100. Kasoro ya jike mmoja huishia kwa watoto wake wachache. Kasoro ya jogoo huenea bomani kote.

Tabia ni miongoni mwa mambo yanayorithiwa. Si yote hutokana na damu, kwa maana malezi na mazingira yana sehemu yake, lakini jogoo mkali huelekea kuzaa mapora wakali. Mfugaji anayemwacha jogoo mkorofi azae kwa misimu miwili mfululizo huwa ameanza kufuga ukorofi wenyewe bila kukusudia. Kwa upande mwingine, anayechagua jogoo mpole kila anapobadilisha huliona kundi lake likitulia mwaka hadi mwaka.

Upole si woga

Ni muhimu kufafanua maana ya jogoo mpole, kwani wengi hupotea hapa. Jogoo mpole si yule anayekimbia akiona kivuli cha mwewe na kuwaacha vifaranga nyuma. Huyo ni mwoga, na hafai. Wala si yule aliyelelewa na watoto jikoni, akalishwa mkononi na kubebwa kama mwanasesere. Huyu ndiye huwahadaa wengi. Akiwa kifaranga anapendeza mno, lakini akishabaleghe, hofu yake kwa binadamu huwa imekwisha kabisa, naye huanza kumhesabu mwenye nyumba kuwa jogoo mwenzake wa kushindana naye. Majogoo wengi waliowahi kurukia watoto walikuwa vipenzi vya watoto hao hao.

Jogoo mpole ni yule anayemheshimu binadamu na kuwajali majike. Humpisha mtu njia bila kukurupuka. Huwa macho muda wote, lakini macho yake huelekea angani na kichakani, si kwenye miguu ya wapita njia.

Dalili za jogoo mwema ni hizi:

Kwanza, huwaita majike chakulani. Akiona punje au mchwa, huliinua tonge kwa mdomo, hulidondosha, na kutoa sauti fupifupi za haraka hadi majike wafike. Huwaacha wale kwanza. Mfugaji asishangae akimwona wakati mwingine akiita mahali pasipo na kitu. Watafiti wamebaini kuwa majogoo hutumia hila hiyo kuwavuta majike walio mbali.

Pili, hutoa ilani ya hatari. Jogoo ana mlio mmoja kwa adui wa angani kama mwewe, na mwingine kwa adui wa ardhini kama nguchiro, kicheche au mbwa mgeni. Majike huielewa tofauti hiyo. Wakisikia mlio wa angani hujificha au kuganda, na wakisikia wa ardhini huinua shingo na kutazama.

Tatu, huwabembeleza majike kabla ya kuwapanda. Hushusha bawa moja na kumzunguka jike kwa hatua ndogondogo. Jike akikataa, humwacha. Jogoo anayemfukuza kila jike, akamng'ata undu na kumwangusha, atakuachia majike wenye migongo mitupu na majeraha ya kisogoni.

Nne, huamua ugomvi. Majike wawili wakipigana, huingia kati nao hutengana. Wala hawagusi vifaranga, wawe wake au wa jogoo aliyemtangulia.

Umri wa kuchagua

Makosa mengi hufanyika kwa kuchagua mapema mno. Kufikia wiki ya 8 hivi, mfugaji mzoefu huweza kumtambua pora kwa undu mkubwa na mwekundu kuliko wa dada zake, na miguu minene. Huo ni wakati wa kutambua dume, wala si wakati wa kutambua tabia.

Tabia hujitokeza homoni za kiume zinapopanda, kati ya mwezi wa nne na wa sita, pora anapoanza kuwika na kupanda. Katika kipindi hicho hata pora mzuri huweza kuwa na papara: hukimbiza majike ovyo, hupima nguvu na wenzake, na mara moja moja humjaribu binadamu. Wengine hutulia wakikaribia mwaka mmoja. Wengine huzidi. Kwa sababu hiyo, yafaa mfugaji abakize mapora watatu au wanne badala ya kuuza wote na kumwacha mmoja tu, kisha awatazame kwa miezi kadhaa kabla ya kukata shauri. Wanaobaki ni kitoweo au fedha sokoni, kwa hivyo hakuna hasara.

Inafaa pia mapora hao wakulie miongoni mwa majike wakubwa, na ikiwezekana jogoo mzee mwenye tabia njema. Jike mkubwa hakubali kuchezewa na pora. Atamdona hadi ajifunze kubembeleza. Mapora waliokulia peke yao, kama walioangulishwa kwa mashine na kulelewa bila kuku wakubwa, mara nyingi hukosa malezi hayo na kuwa na pupa.

Majaribio matano ya uani

Mfugaji hahitaji kifaa chochote kupima tabia ya jogoo. Anahitaji subira na jicho la makini. Majaribio yafuatayo yafanywe na mtu mzima, kwa siku tofauti, na hata akiwa amevaa nguo tofauti, kwa kuwa kuna majogoo wanaochokozwa na buti, leso yenye rangi kali au ndoo ya chakula.

La kwanza ni la punje. Dondosha mahindi machache mbele ya jogoo. Mwema ataita majike. Mchoyo atakula peke yake na kumdona anayekaribia.

La pili ni la njia. Tembea kuelekea aliko kwa mwendo wako wa kawaida. Jogoo anayefaa atasogea kando. Ukiona amesimama ubavu, ameshusha bawa na kuanza kukuchezea ngoma ile ya kutongozea, usicheke. Hiyo si salamu, bali ni changamoto.

La tatu ni la mgongo. Mpe kisogo na uondoke polepole huku ukimtazama kwa pembe ya jicho. Majogoo wengi wakorofi hawashambulii uso kwa uso. Husubiri ugeuke. Anayekufuata kwa hatua za kunyata akiwa amesimamisha manyoya ya shingo ameshajieleza.

La nne ni la kilio. Mshike jike mmoja na umwache apige kelele. Jogoo mwema atakuja mbio, atasimama hatua chache na kutoa ilani. Hiyo ndiyo kazi yake na asilaumiwe kwayo. Anayekurukia papo hapo kwa miguu, bila kusita, hafai kukaa na watoto.

La tano ni la majike wenyewe. Fungua banda asubuhi na utazame. Majike wakitoka na kuanza kuparura karibu naye, wana imani naye. Wakitawanyika mbio au wakigoma kushuka kwenye vitulio, jogoo huyo ni jeuri. Watazame pia migongoni na kisogoni. Kupungua manyoya kidogo ni kawaida, hasa kwa jike apendwaye. Vidonda si kawaida.

Kununua sokoni

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfugaji anayenunua jogoo wa mbegu sokoni anafaa kuukumbuka usemi huo. Jogoo aliyefungwa miguu tangu alfajiri, akabebwa kichwa chini juu ya bodaboda na kulazwa juani, huonekana mpole kuliko njiwa. Upole huo ni uchovu, kiu na hofu. Haumwambii mnunuzi lolote kuhusu atakavyokuwa wiki mbili baadaye. Licha ya hayo, kumbeba kuku kichwa chini ni kumtesa.

Njia iliyo bora ni kumnunua jogoo bomani alikokulia. Nenda asubuhi au jioni, kuku wanapokuwa huru. Omba kumwona baba yake ikiwa yupo. Watazame watoto wa boma hilo: Je, wanapita karibu na jogoo bila kuwaza, au wanazunguka nyuma ya nyumba? Mtoto hajui kuficha kasoro ya bidhaa. Hatimaye muulize mwenyeji kinagaubaga kwa nini anamuuza. Jibu zuri ni kwamba ana majogoo wengi, au kwamba jogoo huyo sasa anawapanda binti zake mwenyewe.

Je, aina ya kuku ni hoja?

Wapo wanaouliza iwapo kuna aina ya kuku isiyo na jogoo wakali. Jibu ni kwamba aina huelekeza, lakini haihakikishi. Kuchi, kuku warefu wenye shingo ndefu na kidari kilichosimama wanaofugwa hasa Pwani na nchini Tanzania, wanasifika kwa ukubwa na pia kwa ari ya kupigana. Mfugaji anayemtaka kuchi ili kuongeza uzito wa kundi awe mwangalifu maradufu katika kuchagua. Ikumbukwe pia kwamba kupiganisha wanyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

Kuku walioboreshwa, mathalani kienyeji wanaozalishwa na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, katika kituo chake cha Naivasha, wana sifa ya kukua haraka na kutaga zaidi. Kuna wapole na wakali miongoni mwao, sawa na miongoni mwa kishingo na kidimu wa vijijini. Mchunguze jogoo mwenyewe, usinunue jina.

Jambo moja la umbo lina uzito hasa. Usimwoanishe jogoo mkubwa kupita kiasi na majike wadogo wa kienyeji. Hata akiwa mpole kama kondoo, uzito wake pekee utawaumiza.

Afya na damu

Tabia njema bila afya haisaidii. Jogoo wa mbegu awe na macho maangavu yasiyotoka machozi, pua kavu, undu mwekundu, na kupumua kusikokoroma. Manyoya ya sehemu ya haja yawe safi. Mshike kidarini uhisi nyama pande zote mbili za mfupa. Inua bawa na utafute chawa na utitiri. Tazama magamba ya miguu; yakiwa yameinuka na kukauka kama gome la mti, ana utitiri wa miguuni na anahitaji tiba. Vidole viwe vimenyooka, kwani jogoo mwenye kilema cha miguu hushindwa kupanda.

Baada ya afya, uliza kuhusu ukoo. Pora aliyezaliwa bomani mwako asiachwe awapande mama yake na dada zake. Kuku wanaozaana ndugu kwa ndugu hudhoofika kizazi baada ya kizazi: mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga hufa, na waliosalia hukua polepole. Badilisha jogoo kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na umtoe mbali na kwako. Majirani wengi wa karibu hubadilishana vifaranga, hivyo jogoo wa jirani huenda ni mjomba wa kuku wako.

Unapobadilisha jogoo, kumbuka kuwa mbegu za yule wa zamani hubaki hai ndani ya mwili wa jike kwa wiki mbili na hata zaidi. Ukitaka vifaranga wa jogoo mpya pekee, subiri wiki tatu hadi nne kabla ya kuweka mayai ya kuatamiwa.

Kumkaribisha bomani

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema methali. Wafugaji wa zamani walijua maana ya kamba hiyo: mgeni apewe muda. Mtenge jogoo mpya kwa wiki mbili hadi tatu, mbali na kundi lako, akiwa na vyombo vyake vya chakula na maji. Mhudumie baada ya kuwahudumia kuku wako, si kabla. Lengo ni kuzuia magonjwa, hasa kideri, ambacho huweza kufagia kundi zima kwa siku chache. Hakikisha kuku wako wote wamechanjwa. Chanjo ya kideri ya matone ya machoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa ushauri wa afisa wa mifugo.

Muda huo ukiisha, mweke mahali ambapo ataonana na majike kupitia wavu kwa siku kadhaa. Kisha mwingize bandani usiku, wenzake wakiwa wamelala. Asubuhi patakuwa na kelele kidogo, lakini vita vitakuwa haba.

Ikiwa kuna jogoo mwingine, tafakari tena. Majogoo wawili katika ua mdogo wenye majike sita ni kuwasha moto. Majike hao ndio watakaoumia, wakipandwa kutwa kucha. Anayetaka majogoo wawili awe na majike 20 au zaidi, nafasi ya kutosha, na vyombo vya chakula sehemu mbili tofauti.

Akianza ukorofi

Jogoo aliyechaguliwa vyema huweza kubadilika. Kabla ya kumhukumu, tafuta chanzo. Je, watoto humchokoza kwa vijiti na mawe? Je, majike wamepungua? Je, banda limejaa mno? Je, jogoo mwingine ameletwa karibu na ua? Kila mojawapo ya mambo haya huweza kumtia hasira, na kuliondoa hutosha mara nyingine.

Akikukabili, usimpige teke wala kumrushia jiwe. Kwake hilo ni pambano, naye huongeza bidii. Vivyo hivyo usikimbie, kwani utakuwa umemfundisha kwamba anaweza kukushinda. Simama imara, weka ungo au kipande cha ubao baina yenu, na usogee polepole hadi yeye ndiye arudi nyuma na kuanza kuparura chini. Baadhi ya wafugaji humshika jogoo kama huyo na kumbana kwapani kwa upole, mabawa yakiwa yamefumbatwa, hadi atulie, kisha humweka chini mbele ya majike. Kuna wanaotulia kwa njia hii. Kuna wasiotulia.

Vikwaru, ile miiba ya nyuma ya miguu, hukua kadiri jogoo anavyozeeka na ndiyo silaha yake kuu. Ncha zake zinaweza kufifishwa kwa tupa. Zisikatwe kwa kina, kwa sababu ndani mna mfupa na damu. Mwachie kazi hiyo daktari wa mifugo ikiwa huna uzoefu.

Wakati wote wa marekebisho hayo, watoto na wazee wasikaribie. Jogoo hurukia akitanguliza miguu, na kimo cha mtoto mdogo huuweka uso na macho yake mahali pa hatari zaidi. Kwa wazee, ngozi ni nyembamba na mishipa i karibu. Mwaka 2019, wataalamu nchini Australia walichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 76 aliyefariki baada ya jogoo kumdona mguuni alipokuwa akiokota mayai. Mdomo wa jogoo ulitoboa mshipa uliovimba, akavuja damu hadi kufa. Tukio kama hilo ni nadra mno, lakini linatosha kumwonya mwenye nyanya anayepita uani kila siku akiwa na mishipa ya miguu iliyovimba.

Anayejeruhiwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni. Damu ikitoka kwa wingi, bana mahali hapo kwa kitambaa safi na uinue mguu. Kidonda kirefu, au chochote kilicho karibu na jicho, kipelekwe hospitalini bila kuchelewa, na mhudumu aulizwe kuhusu kinga ya pepopunda.

Lini aondoke?

Wiki mbili au tatu za marekebisho zinatosha. Jogoo anayeendelea kurukia watu baada ya hapo hana nafasi katika boma lenye watoto, hata akiwa na rangi ya kuvutia na uzito wa kilo nne. Mayai aliyoyatia mbegu yaliwe, yasiatamiwe. Naye aende jikoni.

Wengi hulegea hapa. Jogoo mkubwa hupata bei nzuri, na kumpeleka sokoni akiwa amefungwa miguu ni rahisi kuliko kumchinja. Lakini mnunuzi atamfungua jioni hiyo hiyo katika ua usioujua. Huenda katika ua huo mna nyanya anayelea wajukuu, au mtoto anayeanza kutambaa. Ikiwa ni lazima umuuze akiwa hai, muuze kwa anayenunua wa kuchinja, na umwambie wazi sababu. Fedha zinazopungua kwa kusema ukweli ni chache, nazo haziwezi kulinganishwa na jicho la mtoto wa mwenzako.

Baada ya hapo, rudi kwa wale mapora watatu au wanne uliowabakiza. Mtafute anayeita majike kwenye punje, anayepisha njia, na anayetazama angani. Huenda si mkubwa kuliko wote, na huenda undu wake si mwekundu kuliko wa wote. Mwache akue. Mwakani vifaranga watakuwa wake, na mtoto wa boma ataweza kwenda peke yake kuokota mayai.